Spika Niliyoinunua Bila Kuisikia

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Houston, ile siku ya kuwakaribisha wageni wapya. Wengi mmenipigia mnataka niitume, basi nimeiandika hivihivi nilivyoiongea, nimetoa tu sehemu za kukohoa na pale maiki ilipozima.)

Shikamooni wazee wetu. Wadogo zangu mambo vipi. Mama mwenyekiti ahsante kwa nafasi, umenipa dakika 20 na mimi unanijua, dakika 20 zangu ni kama zile za konda wa daladala, anakwambia tunaondoka sasa hivi na gari halijajaa.

Kabla sijaanza naomba mtu mmoja mwenye nguvu aje hapa mbele. Wewe kijana wa shati jekundu, eeh wewe, njoo. Nyanyua hili boksi. Polepole mgongo huo. Zito? Haya waambie watu, ukiliangalia hivi, lilivyo jeusi linang'aa, koni tano mbele, waya mnene, kibandiko cha dhahabu, wewe ungesema ni bei gani? Dola 500. Haya, na huko nyuma? 800, kuna mama kasema 800. Sawa, kaa babu ahsante sana, hizo bei zenu nazihifadhi.

Mimi nilinunua mawili kama hili kwa dola 300. Mnasema nimepata dili? Subirini.

Ilikuwa 2007, nina miezi minane tu nchi hii. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, tunaishi watatu kwenye apatimenti ya chumba kimoja, hela nyingi inaenda nyumbani. Sasa nawaambia jambo moja makusudi, ili mtu asije akasema yule aliingizwa mjini kwa vile hajui spika. Mimi Dar nilikuwa fundi redio. Nilikuwa na kibanda Temeke, nabadilisha koili, natengeneza mabufa ya harusi, watu walikuwa wanatoka Mbagala wananifuata mimi. Spika nazijua. Na kujua kwangu ndiko alikonishikia yule kijana aliyeniuzia, mtaona.

Ijumaa ya mshahara, asubuhi, nimetoka shifti macho mekundu, napita parkingi ya supamaketi. Vani nyeupe ikaja polepole ikasimama pembeni yangu. Vijana wawili, wamevaa fulana za kazi za rangi moja, vitambulisho shingoni. Mmoja akashusha kioo akaniuliza, kaka nyumbani una sistimu ya muziki? Nikamjibu sina. Hapo ndipo nilipopotelea, kwenye kujibu. Ukishajibu umesimama, ukishasimama mlango wa nyuma wa vani umeshafunguliwa.

Akaniambia wao kazi yao ni kufunga spika kwenye klabu na majumba ya watu wenye nazo. Leo asubuhi stoo wamewapakilia pea nne na karatasi ya mteja inasema pea mbili. Akanyamaza. Akatabasamu, akamwangalia mwenzake. Hakusema za wizi. Nataka mlishike hilo, hakusema za wizi, hakusema bosi hajui, mimi ndiye niliyeyasema yote hayo kimoyomoyo, mwenyewe, bila kulazimishwa. Nikaona hapa kuna mali inatembea na mwenyewe hayupo.

Kisha likaja karatasi. Invoisi safi kabisa, imepigwa chapa, bei dola 2,400 kwa pea. Katalogi ya karatasi inayong'aa, picha ya sebule ya mzungu na mbwa kwenye zulia. Anwani ya tovuti, na kweli tovuti ipo, ukifungua unakuta bei ileile 2,400. Na jina la spika sasa. Jina limekaa karibu kabisa na kampuni moja kubwa niliyoijua tangu kibandani kwangu, tofauti herufi tu. Huu mchezo ni wa zamani, kuna kampuni ya kweli ya Canada inaitwa Paradigm, mtaani zikauzwa spika zinaitwa Paradyme. Kuna Wharfedale ya Uingereza, kampuni ya tangu miaka ya 1930, zikazuka Grafdale. Sisi tuliokulia Dar na redio za Panasonic ambazo herufi moja imepotea njia tungetakiwa tushtuke mapema, ila mtu akifika Marekani anadhani huku herufi hazipotei.

Akaanza na 800. Nikacheka. Akasema 600. Nikaanza kuondoka, unajua tena mtoto wa Kariakoo, kuondoka ndiyo bei yenyewe. Akaniita, kaka una shilingi ngapi wewe, sema tu. Nikasema 300. Akamwangalia mwenzake kama mtu anayeambiwa auze figo. Wakanong'ona. Akasema haya, lakini keshi. Nikaenda ATM, wao nyuma yangu na vani, wakanisubiri kwa heshima zote. Na wallahi nawaambia wakati nahesabu zile hela nilikuwa nawaonea huruma wale vijana. Nikasema moyoni hawa nimewakamua.

Jamani mimi fundi. Mtu akija kibandani kwangu na spika namwambia weka hapa, washa tuisikie. Kitu cha kwanza hicho. Na pale parkingini nimeangalia karatasi, nimeangalia picha ya mbwa, nimenyanyua boksi kupima uzito, nimegongagonga ubao na kidole nikatikisa kichwa kitaalamu, na hakuna hata sekunde moja niliyosema niwashieni niisikie. Spika ni ya nini kama siyo ya kusikia? Nimenunua kila kitu isipokuwa sauti.

Nyumbani nilikuwa na amplifaya ya mitumba ya dola 40, nzima tu haina shida. Nikaunga. Nikaweka kaseti ya taarabu niliyokuja nayo. Ikatoka sauti ya mtu anayeimba kichwa chake kikiwa kwenye ndoo. Wenzangu wakasema labda zinahitaji kuzoea. Nikasema ndiyo, spika kubwa lazima zizoee kwanza, nikajidanganya na utaalamu wangu huohuo. Wiki mbili nikajidanganya. Wiki ya tatu twita moja, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, ikafa, ndiyo nikachukua bisibisi.

Na leo nimekuja na hiyo bisibisi. Kuna watoto hapa mbele sogeeni mwone. Hii ni ile pea yangu, moja imebaki, sikuitupa miaka yote hii mke wangu ameshachoka nayo kule gereji. Nafungua mgongo. Skrubu nane... saba, moja imepotea. Haya.

Angalieni chini. Mnaona hicho kitu cha kijivu kimegandishwa na gundi? Guseni. Zege. Saruji na kokoto jamani, siyo jina la kitu cha muziki, zege hili la kujengea msingi. Kijana wa shati jekundu, ule uzito uliousema wa dola 500 ndio huu hapa. Spika nzuri kweli huwa nzito, na uzito wake unatoka kwenye sumaku, sumaku kubwa ya nyuma ya koni ndiyo inayoshika koili vizuri, pamoja na ubao mnene usiotetemeka. Wanajua watu tunalijua hilo nusunusu, tumesikia spika nzito ndiyo nzuri, basi wametupa uzito. Sumaku yenyewe ni hii, angalieni, saizi ya kifuniko cha soda, nimetia chumvi kidogo lakini siyo sana.

Sasa hesabuni koni za mbele. Tano. Nageuza. Hii ina waya. Hii ina waya. Hii twita, ina waya. Hizi mbili? Hazina kitu. Hazijaungwa popote, hazina hata koili, ni pambo, kama mfuko wa shati ulioshonwa midomo. Na krosova iko wapi? Wageni kwenye mambo haya, krosova ni ile saketi inayogawa sauti, besi iende kwenye koni kubwa, sauti nyembamba iende kwenye twita, kila mtu apate chakula cha umri wake. Kwenye spika ya maana utakuta koili na kapasita kadhaa zimepangwa kwa hesabu. Hapa kuna kapasita moja, hii, ya senti chache, imening'inia kwenye waya wa twita. Besi ikizidi inapita, inamkuta twita mtoto mdogo, anaungua. Ndiyo maana yangu ilikufa wiki ya tatu.

Na kibandiko cha dhahabu kinasema wati 2,500. Hapa naomba wanafunzi mnisaidie hesabu. Soketi ya ukutani ya kawaida hapa Marekani ni volti 120, fyuzi yake ni ampea 15. Zidisha. Wati 1,800. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyoko ukutani kabla fyuzi haijaruka. Pea hii ingehitaji 5,000. Spika haichomekwi ukutani najua, inaunganishwa na amplifaya, lakini amplifaya inachomekwa wapi, kwenye mwembe? Nyumbani Tanzania na Kenya plagi ya ampea 13 kwa volti 230 inakupa kama 2,990, sasa nenda Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi uone sabufa ya kubeba mkononi imeandikwa 10,000, pembeni herufi ndogo PMPO. Hiyo PMPO, yaani eti nguvu ya kilele cha muziki, haina kipimo kinachokubalika popote, kila mwenye kiwanda anajiandikia anavyoota. Ukigeuza adapta yake unakuta volti 12 ampea 2. Wati 24. Elfu kumi zilizobaki zinatoka kwa nani? Na mtu akiwa sebuleni kwake anasikiliza muziki kistaarabu mara nyingi anatumia wati chache sana, hata tano hazifiki.

Huku walishaliona tatizo hilo zamani, mwaka 1974 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani kwa vile watu walikuwa wanaandika namba za kujifurahisha. Lakini kanuni ile ni ya amplifaya. Boksi kama hili halina amplifaya ndani, basi andika 2,500, andika 9,000, karatasi haikatai wino.

Haya. Nilimwambia nani kwamba nimepigwa? Hakuna mtu. Hata wenzangu wa chumbani niliwaambia nimeziuza, kumbe nimezifunika shuka. Niende polisi nikaseme nini? Afande, nilinunua mali nikidhani ni ya wizi, kumbe siyo ya wizi, naomba mnisaidie? Hapo ndipo ule ukimya wa parkingini ulipofanya kazi yake yote. Kwa yule wa Kariakoo anayekuonyesha simu halafu akakufungia mche wa sabuni, wewe unapiga kelele mwizi, watu wanakuja, kwa sababu amekubadilishia. Huyu wa vani hajabadilisha kitu. Amekupa boksi lilelile uliloligonga kwa kidole chako. Uongo uko kwenye bei na kwenye hadithi, na nusu ya hadithi umejitungia mwenyewe, basi unakaa kimya kwa miaka kumi na kitu na bisibisi yako.

Sasa sehemu ya pili hii hata mke wangu nilimwambia juzi tu nilipokuwa naandaa maneno haya. Mama mwenyekiti nisamehe kama nitazidisha dakika.

2008 mwishoni ghalani wakatupunguzia masaa, mnaokumbuka mwaka ule mnajua, kazi zilikauka. Nikaona tangazo gazetini, yale matangazo madogomadogo, wanataka madereva na wasambazaji, hela kila siku, uzoefu hauhitajiki. Nikapiga simu, nikaambiwa njoo kesho saa mbili asubuhi. Nikaenda mpaka nje kabisa ya mji, ghala moja lisilo na kibao. Nikaingia. Nikakuta maboksi yangu. Yamepangwa mpaka juu, kibandiko kilekile cha dhahabu.

Ningegeuka ningekuwa nawaambia hadithi nzuri leo. Sikugeuka, nilikuwa nadaiwa kodi.

Asubuhi wanaanza kama kanisani. Watu kama 15, muziki mkubwa (kutoka kwenye spika nyingine, siyo hizi, nililiona hilo mapema), makofi, aliyeuza sana jana anaitwa mbele anapigiwa vigelegele, jina lake linaandikwa ubaoni. Halafu kila timu ya watu wawili inachukua mzigo. Pale tulichukua pea kwa dola 120. Ukiuza 300, ile 180 ni yako na mwenzako, petroli juu yenu. Ukiuza 130 umekula kumi. Usipouza unarudisha boksi. Bosi hana hasara hata siku moja, wala haonekani parkingini, na mtu akikamatwa ni yule kijana wa fulana.

Na kuna mafunzo. Kuna neno usiseme, usiseme za wizi, ukisema za wizi hilo ni kosa lako. Sema stoo wamezidisha, halafu nyamaza. Yule mkufunzi alirudia mara tatu, nyamaza, mteja atamalizia. Nilisikia masikio yanawaka moto. Nilikuwa nasikiliza siku yangu ya 2007 inasomwa kama risala.

Nikapangwa na kijana mmoja wa chuo, mpole, mwenye madeni ya shule. Yeye aliamini kabisa spika ni nzuri, alikuwa nazo kwake. Mimi kazi yangu ya siku ya kwanza kukaa pembeni, kuvaa fulana, kuonekana fundi. Tukazunguka vituo vya mafuta, parkingi za maduka ya vifaa vya ujenzi, palepale wanapotoka watu wamelipwa keshi. Wengi walitufukuza. Mama mmoja alitupiga picha namba ya gari, kijana akaondoa vani kama ambulansi, mama yule popote alipo Mungu amzidishie.

Saa tisa hivi akaja mzee wa Kimexico. Vumbi la saruji kwenye viatu. Binti yake anatimiza miaka 15, wenzetu hawa umri huo una sherehe yake kubwa kama harusi, ukumbi, gauni, muziki. Mzee anatafuta muziki. Kijana akapiga wimbo wote, stoo, karatasi, katalogi, mbwa kwenye zulia. Mzee hakumwangalia kijana. Aliniangalia mimi, mtu mzima mwenzake, mweusi, mgeni mwenzake, akaniuliza kwa Kiingereza chake kidogo na mimi changu kidogo, ni nzuri hizi?

Nilitikisa kichwa. Ndiyo.

Alitoa 280. Tukampakilia kwenye pikapu yake, mwenyewe akashukuru. Jioni nikapewa fungu langu, dola 40 na kitu baada ya petroli. Kesho yake sikurudi. Msinipigie makofi kwa kutokurudi, mzee yule sikumrudishia hela yake, sijui alikokaa, na sherehe ya binti ilifanyika au haikufanyika na sauti ya ndoo sijui. Alikuwa mtu wa zege, amenunua zege kutoka kwangu.

(Hapa ukumbi ulikuwa kimya, nikanywa maji.)

Ndiyo maana sipendi mtu aliyepigwa akiambiwa tamaa imemponza. Tunapenda sana kusema hivyo, tamaa mbele mauti nyuma, tunamaliza mjadala. Mzee yule alikuwa na tamaa gani? Ya kumfanyia mwanawe sherehe. Alifanya kitu cha busara hata, aliuliza mtu aliyemwona ana uso wa kweli. Ule uso ulikuwa umekodiwa.

Mchezo huu siyo wa Houston peke yake. Tangu miaka ya 1980 unazunguka Marekani, umeenda Canada, Uingereza, Australia, kule kote watu wanaujua kwa ile vani nyeupe. Jina la spika likishachafuka wanabadilisha kibandiko, boksi lilelile. Siku hizi vani inaweza kuwa gari zuri la familia, na mzigo umeongezeka, kuna projekta, kuna home theatre nzima kwenye boksi moja, na ukikataa parkingini utazikuta kwenye simu yako, mtu anauza "mpya haijafunguliwa". Wengine wanaouza hivyo ni waliopigwa wiki iliyopita, wanataka hela yao irudi kupitia kwako.

Na kuna jambo linatuhusu sisi hasa. Humu kuna mtu, simtaji na asijikohoze, alinunua pea mbili, akazifunga vizuri na mablanketi, akazipakia kwenye kontena mpaka Dar, kutoka Dar lori mpaka Mwanza, zawadi kwa kwaya ya kanisa la mama yake. Kalipia meli, kalipia bandarini, kalipia lori. Zege! Mwanza mji wa mawe, kapelekewa zege kutoka Texas. Na kwaya hawakumwambia, wamemwandikia barua ya shukrani, fundi wa kule ndiye aliyenitumia picha akaniuliza kaka huku Marekani siku hizi mnajenga ndani ya spika?

Haya ya sheria nayapitisha haraka maana naona sahani zinapangwa. Kuuza kitu cha dola 30 kwa dola 300 peke yake siyo jinai huku, bei ni mapatano. Kudanganya kilikotoka na kutengeneza invoisi ya uongo ni udanganyifu, lakini shahidi wako nani. Kilichopo ni kanuni ya FTC, na msichanganye FTC ya huku na FCC ya kwetu, Tume ya Ushindani inayokamata bidhaa bandia. Kanuni hii inakupa siku tatu za kazi kughairi ukiuziwa nje ya duka la kudumu la muuzaji, kuanzia dola 130 kama siyo nyumbani kwako, nyumbani kwako ni kuanzia dola 25. Jumamosi inahesabiwa siku ya kazi, Jumapili na sikukuu za serikali hapana. Muuzaji anatakiwa akupe karatasi ya mkataba yenye tarehe na fomu za kughairi nakala mbili. Sasa mwambie yule wa vani, kaka naomba mkataba wenye anwani na fomu za kughairi nakala mbili. Hutamaliza sentensi, utaona taa za nyuma tu. Uingereza wana siku 14 kwa mauziano ya nje ya duka, wenye ndugu kule waambieni, ila shida ni ileile, unamrudishia nani? Namba ya simu iliyokuwa kwenye katalogi yangu niliipiga, ikaita, ikaita.

Dada mmoja kanitumia swali kwenye karatasi, anasema sasa tununue wapi na sisi hatuna hela ya dukani. Swali zuri. Mitumba dada. Nchi hii watu wanahama, wanazeeka, wanafariki, watoto wao hawataki mabufa makubwa, Jumamosi asubuhi wanayaweka nje ya gereji na bei imeandikwa na kalamu. Nenda na simu yako ina wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, na kiamplifaya kidogo kama unacho, mwambie mwenye nyumba naomba soketi. Mtu anayeuza spika yake ya kweli anafurahi ukiomba kuisikiliza, atakuletea na kiti, atakusimulia na marehemu mume wake. Hata utaalamu wa kuangalia sumaku na zege huuhitaji, mimi fundi nilivikagua vyote vya nje nikapigwa.

Hii ndogo hapa pembeni, iliyofunikwa kanga, ni ya namna hiyo. Dola 35, pea. Ubao umechubuka, kitambaa cha mbele kimeliwa na paka wa watu. Nimeziunga zote mbili kwenye amplifaya moja, hii ndogo na hili boksi la zege, nimeshalifungia mgongo wake na ile twita nilibadilisha zamani, sitaki mtu aseme nimemwonea. Wimbo ni mmoja, sauti nimezisawazisha.

Watoto rudini mkae. Wale wa jikoni zimeni kwanza hiyo feni. Fungeni macho wote, na wewe mzee wangu pale nakuona unachungulia. Ya kwanza itakuwa ile ya... hapana, sisemi. Washa.